Aliyeisemea Shingo ya Wacera

Wacera wa Ruring'u alianza kwa kuangusha vikombe. Kisha vifungo vya sweta vikamshinda, kisha miguu ikakakamaa, akawa anapepesuka njiani mchana kweupe. Majirani, ambao hawakosi la kusema hata kuku akitaga, wakanong'onezana kwamba mjane huyo ameonja muratina na imemnogea. Maskini Wacera, ambaye hakuwahi kuitia pombe kinywani!

Aliyewafumba midomo ni bintiye, Kagure, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja huko Kutus. Alikodi gari, akampeleka mama yake hospitali mjini Nyeri, ambako mwaka huo wa tisini na sita alikuwapo daktari mgeni, bingwa wa mifupa ya shingo. Daktari hakujua Kiswahili wala Kikuyu. Wacera naye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Basi Kagure akakaa kati yao. Hivyo ndivyo ilivyo huku kwetu: mtoto aliyesomeshwa kwa kuni ndiye mdomo wa mzazi mbele ya wakubwa.

Na hizo kuni zilikuwa kuni kweli. Miaka yote ya karo Wacera alibeba mizigo ya kuuza kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso na kuushika mzigo mgongoni. Ulikuwa umemwachia mfereji kichwani, na wanawake wa rika lake hawauonei haya mfereji huo hata kidogo.

Daktari aliwaonyesha picha. Mifupa ya shingo ilikuwa imeubana mshipa mkuu uliomo ndani ya uti wa mgongo, na usipofunguliwa nafasi Wacera angelala kitandani asiinuke tena. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuipasua mifupa kwa nyuma na kuifungua kidogo kama mlango kwenye bawaba, mshipa upumue na shingo iendelee kugeuka. Ya pili, kuifunga mifupa kwa vyuma, na hapo shingo isingegeuka tena maisha yake yote. Yeye daktari aliipenda ile ya kwanza, ila kwa sharti moja: mgonjwa asirudie mukwa kamwe. Kama hawezi kuuacha, heri vyuma.

Kagure alimweleza mama yake yote hayo, neno kwa neno. Hapo hakudanganya.

"Mwambie nimeuacha," Wacera akasema. "Kuni zitabebwa na wenye shingo changa. Mwambie vyuma sitaki. Nataka shingo igeuke, nikuchezee gitiro siku yako."

Desemba watu wa Theuri, mchumba wa Kagure, wangekuja kuleta mahari. Siku kama hiyo mama wa binti na wenzake huwazuia wageni langoni kwa gitiro, wakiwaimbia mafumbo na kejeli, mabega na shingo vikitikisika, mpaka wageni wajibu vizuri ndipo wafunguliwe. Mwimbishaji alikuwa Wacera. Alikuwa amewachezea mabinti wa watu mpaka sauti ikakauka, akingoja zamu ya bintiye.

Kagure akamgeukia daktari, akazungumza Kiingereza kirefu. Daktari akamtazama Wacera kwa huruma.

"Amekubali?" Wacera akauliza.

"Amekubali, mama."

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki zilivyopita, vidole vilirudi kwenye vifungo na miguu ikanyooka, Wacera akalia kwa furaha. Shingo tu ndiyo iliyogoma. Kagure alimwambia ni kidonda, italegea, avumilie. Akavumilia. Angemwamini nani kama si mwanawe?

Siku ya kurudi kliniki Kagure alitoka kidogo kumnunulia chai. Daktari akaona asipoteze wakati, akamwita muuguzi aitwaye Zuena, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, amtafsirie kwa Kiswahili.

"Daktari amefurahi, mama. Anasema vyuma vimeshika vizuri. Shingo haitageuka tena, lakini ndiyo njia mliyochagua."

"Nani alichagua? Mimi nilisema ifunguriwe, si ifungwe!"

Zuena akamuuliza daktari, akajibiwa, akamgeukia Wacera. "Anasema ulikataa kuacha mukwa, ukaomba vyuma. Binti yako ndiye aliyekusemea."

Kumbe ile huruma ya daktari ilikuwa ya kumhurumia bibi mwenye kichwa kigumu, anayependa kuni kuliko mwili wake! Kagure akaingia na chai, akaziona nyuso, akajua.

"Mama, ungerudi kwa kuni," akasema. "Uliniahidi nilipopata kazi, nikakukuta barabarani na mzigo. Ukaniahidi tena Pasaka. Nilitaka utembee."

"Kwa nini hukuniambia hayo mimi? Nilikuwa hapo karibu yako."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

Huenda kweli angerudi kwa kuni. Hata yeye hakuweza kuliapia hilo. Lakini kosa hilo lingekuwa lake, na shingo ni yake, na mdomo alioutoa kwa imani ulikuwa umemuuza mbele ya macho yake huku ukimwita mama. Lililomkata maini zaidi ni zile wiki za "itakuja kulegea, vumilia", na ile sauti tamu iliyoyasema.

Daktari akauliza kitu kwa upole. Kagure, kwa mazoea, akafungua kinywa kutafsiri. Wacera akainua mkono kumzuia.

"Sista, ongea na mimi wewe," akamwambia Zuena. "Kiswahiri yangu ni mbaya, rakini ni yangu."

"Sawa, mama. Anauliza nyumbani utakuwa na nani wa kukuangalia. Ni huyu binti yako?"

"Andika niko peke yangu."

Kagure alikuwa amesimama kushoto kwake, akilia kwa kwikwi. Kumtazama kungemlazimu Wacera ainuke na kugeuza mwili mzima, na miguu ya kufanyia hivyo sasa alikuwa nayo. Hakuinuka.