Pua ya Béata

Maji yalimwingia Béata puani kama pilipili ya kusagwa. Alitupa kikombe alichokuwa akijisafishia pua, akajishika uso, akaruka-ruka uani hadi kuku wakatawanyika.

"Kuko nini?" mumewe, Sebarenzi, aliita kutoka zizini. "Unajiua?"

"Bado!" alijibu, machozi yakimchuruzika.

Tangu mvua zianze kunyesha kijijini Bihambwe, pua ya Béata ilikuwa imeziba na harufu zote zimemkimbia. Kwa mwingine lingekuwa jambo dogo. Lakini kazi ya Béata ilikuwa kutengeneza jibini, na jibini huiambia pua siri zake kabla ya jicho. Sasa Sebarenzi ndiye aliyemnusia, kwa moyo safi na pua butu. Majuzi alisifu jibini ambalo wateja walilirudisha limeoza katikati. Béata hakumlaumu. Lakini kila alipoingia katika chumba cha jibini alijiona mgeni, kana kwamba rafu zilikuwa zikinong'ona na kunyamaza akifika.

Kesho yake alikwenda kwa Naomie, muuguzi wa kituo cha afya, akamweleza alichofanya: maji ya mtoni, ya baridi, bila chumvi, kwa nguvu zote. Naomie alicheka hadi akatafuta kiti.

"Maji matupu njo inaunguza, Mama. Na ya mtoni bila kuchemsha ni hatari. Chemsha, yaache yapoe yawe vuguvugu, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe. Inama, fungua mdomo, mimina polepole."

"Na sikio? Nilipopenga kamasi liliziba."

"Ulipenga kwa hasira. Tundu moja moja, taratibu."

Asubuhi alifuata kila neno. Maji yaliingia tundu la kulia yakatokea la kushoto! Alipiga kelele za furaha, akapaliwa, akacheka huku akikohoa. Kisha akavuta pumzi. Hakunusa kitu.

Aliingia katika chumba cha jibini akiwa ameinamisha kichwa. Alipoinama kugeuza jibini la rafu ya chini, maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya pua yalimwagika ghafla sakafuni, yakikosa jibini kwa upana wa kidole.

Ndipo harufu zikaja. Kwanza ubao wenye unyevu. Halafu maziwa, chumvi, na ule utamu mzito wa jibini linaloiva. Béata alivuta pumzi tena. Alipita rafu baada ya rafu akiinamia kila jibini, akacheka peke yake. "Wewe bado. Wewe tayari. Na wewe, mdanganyifu, toka!" Alilibeba lililoharibika akakimbia nalo nje, kwenye moshi wa maharage, samadi mbichi na mikaratusi iliyolowa.

"Papa Gisubizo!" alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Nanusa! Nanusa yote!"

Sebarenzi alikuja mbio, akamkumbatia, akamzungusha mara moja kama siku ya harusi. Béata alizika uso katika koti lake: ng'ombe, mvua, sabuni.

Na tumbaku. Ile ambayo Sebarenzi aliapa kuiacha mbele ya kanisa zima, Gisubizo alipobatizwa.

Béata akanusa koti mara ya pili, polepole. Sebarenzi akahisi.

"Unanusa nini?" aliuliza, akitazama ng'ombe.

"Mengi," Béata alisema bila kumwachia. "Mengi sana, leo."

Akavuta pumzi nyingine, ndefu na tamu, huku mkono wake ukishuka taratibu kuelekea mfuko wa koti.