Shemeji Aliyetaka Kuandikwa Mtegemezi

Mwoka mikate huyo walimwita Hamira, kwa sababu ya kazi yake na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuumuka. Ukimgusa tu, amejaa. Siku ya mshahara aliumukia dirishani kwa mhasibu wa kiwanda, aproni nyeupe kwa unga, hati ya mshahara mkononi.

“Huyu Kodi ya Mapato ni nani? Kila mwezi anachota kabla yangu, na sijamwona akikanda hata donge moja!”

Mhasibu, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuwa keshazoea.

“Kaka, si mimi ninayekula. Kiwanda kinakukata kodi mapema na kuipeleka serikalini kwa niaba yako, ili mwisho wa mwaka usidaiwe yote kwa mpigo. Mwenye watoto hupata nafuu. Wewe hapa huna mtu.”

“Sina mtu? Nina mke, nina mtoto mkubwa, nina mapacha wanaotafuna mpaka penseli!”

“Ulipoajiriwa ulikuwa kapera, na hukurudi kubadilisha. Kwa karatasi hii, bado unatafuta mchumba.”

Akampa fomu mpya. Hamira akarudi nyumbani akipiga mbinja, akaitandaza mezani katikati ya sahani. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, aliitazama akacheka.

“Watoto nimeshawaandika kazini kwangu, wote watatu. Mtoto mmoja haandikwi kwa wazazi wawili, baba. Tukiwaandika huku na huku, mwaka ukiisha tutaitwa turudishe, na faini juu.”

“Basi nigawie hata mmoja.”

“Mimi nabaki kwa mama,” pacha mmoja aliwahi. “Baba anakoroma.”

“Mimi naenda kwa baba!” mwenzake akaanza kukusanya viatu. Ilibidi mama yao aape kwamba hakuna anayehama.

Kwenye kochi alilala mdogo wa mkewe, mwanamume mwenye kifua kama mlango, aliyekuja kuwasalimu na hakuaga tena. Akainua kichwa.

“Shemeji, unahangaika na watoto wa nini? Mtegemezi halisi si mimi hapa?”

Wakatazamana. Hamira akachukua kalamu, akamwandika.

Kesho yake mhasibu alisoma jina hilo, akairudisha fomu. “Mtu mzima mwenye afya hahesabiwi. Labda awe hajiwezi.”

Shemeji alipoambiwa, alichukia kweli. “Nani kasema najiweza? Nitakwenda mwenyewe!”

Akatokea kiwandani kavaa suruali ya Hamira, inamwishia kwenye vigimbi.

“Dada mhasibu,” alianza, mkono kifuani, “suruali hii ni yake. Viatu, vyake. Sabuni niliyoogea, yake. Hata mafua haya nimeyatoa kwake.”

“Umewahi kutafuta kazi?”

“Tunatafutana, mimi na kazi. Bado hatujaonana.”

Wakandaji wakasogea kusikiliza. Alisimulia anavyoamka kachoka na anavyoumwa mgongo kwa kuutazama tu ufagio, mpaka mkandaji mmoja akajifuta machozi na kumpa mkate mzima. Mwangalizi wa tanuri naye alikuwa hapo hapo, mdomo wazi. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomtoa meneja ofisini. Alikuja kufoka, lakini naye akasimama akasikiliza.

“Kijana,” alisema mwishowe, “uvivu haununuliwi na mtu, wewe umewauzia wafanyakazi wangu wote. Mikate itakushinda? Unaanza leo, duka la mbele.”

Shemeji akageuka kumtafuta Hamira amtetee. Hamira alikuwa keshamshikia kalamu atie saini.

Na kweli aliuza. Aliyekuja kununua mkate mmoja aliondoka na mitatu, akishukuru.

Hamira naye alikwenda kuuliza la watoto kwa upole. Mhasibu akamweleza kwamba kwa kawaida mzazi anayepata zaidi ndiye anayekatwa zaidi, hivyo nafuu humfaa zaidi yeye. Mshahara wa mkewe ulikuwa mkubwa kuliko wake. Siku nzima alilikanda hilo pamoja na unga. Jioni alimwambia mkewe, “Basi wabaki kwako. Si chungu ni kile kile?” Mkewe, ambaye hakuwa amewaza kuwatoa, akamwitikia kwa heshima zote.

Mwisho wa mwezi kelele zilisikika tena dirishani, safari hii za Shemeji.

“Nimekatwa! Nani kaniuma hapa?”

“Kodi,” mhasibu alijibu. “Huna mtoto, huna yeyote unayemlea.”

Shemeji akafikiri. Akanyoosha kola, sasa ilikuwa yake mwenyewe. “Na mtu akioa, je?”

“Inategemea. Mke asiye na kipato, pengine utapata nafuu kidogo.”

“Na mwenye kipato? Tuseme, mwenye kazi nzuri ya ofisini, ana miwani...”

Mhasibu akaivua miwani yenyewe, akaiweka mezani taratibu.

“Huyo ana mume. Ndiye meneja aliyekuajiri.”

Shemeji akaikunja hati yake, akaaga kwa adabu ambayo hajawahi kuionyesha hata kwa dada yake, akarudi dukani mbio. Wanasema siku hiyo aliuza mpaka mikate ya jana.