Kengele Chini ya Nyumba ya Mama Apolline

Mwaka wa 2002 volkano ilikula nyumba ya mbao ya Mama Apolline, pamoja na kabati jipya lenye mlango wa kioo. Alisimama akaitazama ikiungua, akasema: "Nyumba yangu ya pili itakuwa na miguu." Watu wakadhani moshi umemwingia kichwani.

Hawakumjua. Miaka michache baadaye alinunua gari-nyumba kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao Ujerumani. Ilikuwa nzee kuliko mimi, yenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Akaiegesha Majengo, mtaa wetu, akahamia humo na baba yake, Muzee Sikuli, akaingojea volkano kama mutu anayengoja mugeni.

Lakini vita vilitangulia. 2012, waasi walipokuwa wanaingia mjini, Mama Apolline aliwasha moteri ya nyumba akatoroka na majirani kumi na nne na magunia sita ya maharagwe. Baada ya mita mia mbili, kraa! Lamu ya resori ya nyuma ikakatika, ile bamba ndefu ya chuma yenye jicho kila upande, inayobeba uzito wote juu ya magurudumu. Nyumba ikakaa chini kama kuku anayetaga. Ikasukumwa kurudi, ikapandishwa juu ya mawe meusi ya volkano, na hapo ikabaki miaka tisa. Kila Jumamosi Mama Apolline aliwasha moteri, isije ikasahau kazi.

Mimi ni Charline, jirani. Nilimaliza sekondari ya ufundi, sehemu ya makanika, na diploma ninayo. Majengo nzima inanijua kwa mdomo kuliko kwa diploma.

Mei 2021 mugeni alifika kweli. Lava ilisimama kabla ya kutufikia, lakini ardhi ikaendelea kutetemeka, na Alhamisi asubuhi redio ikatangaza: Majengo iondoke leo, watu waende Sake.

Majengo ikaondoka, na magodoro kichwani na mbuzi kwenye kamba. Mama Apolline hakuondoka, kwa sababu Muzee Sikuli alikataa. Miguu yake ilikufa zamani. Mwaka ule wa 2002 walimtorosha juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, amefungwa kamba katikati ya magunia ya makala, mkaa wa kupikia, na mji mzima ukaona. Tangu siku hiyo vijana wanamwita Muzee Makala.

"Sitabebwa tena," alisema kutoka kitandani. "Nyumba ikienda, naenda. Ikibaki, nabaki."

"Muzee, nikubebe mimi mgongoni? Niko na nguvu."

"Weye? Utanibeba, halafu utachekesha watu mwezi muzima."

Alinijua vizuri. Mama Apolline akanivuta pembeni. "Charline, kila siku unatuchekesha. Leo tengeneza."

Nikapima lamu iliyokatika kwa kamba, nikafunga mafundo, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Ndosho kwa Donat, muuza vyuma vya magari yaliyokufa. Alikuwa na lamu nne za upana niliopima. Shuleni tulifundishwa kuining'iniza lamu kwa jicho lake na kuigonga nyundo: iliyo nzima inaimba muda mrefu, yenye ufa inakohoa. Nikazigonga zote nne. Zote zikakohoa.

"Chukua hivyo hivyo," Donat akasema. "Unaenda Sake, si Kinshasa."

"Na ikikatika njiani, pale Mugunga, Papa Donat, Muzee utamubeba weye?"

Akazirudisha zote nne kwenye rundo.

Nilirudi mikono mitupu. Karibu na kapela, kanisa dogo la mtaa wetu, dunia ikatikisika tena, moto ikayumba, na kengele ya kapela ikalia yenyewe, bila mutu kuigusa. Ngiiii! Nikahesabu. Nilifika kumi na moja, bado inaimba.

Jumapili zote za miaka tisa niliilaani kengele ile chini ya blanketi, na sikuwahi kuitazama. Ni lamu ya resori! Waasi waliacha kamiyo, lori dogo lililoungua, pale njia panda, na wakristo wakachomoa lamu moja wakaitundika kwa jicho lake. Imepigwa chuma miaka tisa, haina ufa hata wa unywele.

Mukatekista Modeste alikuwa anafunga mlango.

"Papa Modeste, naomba kengele."

"Hata leo, Charline? Hata leo michezo?"

Siku moja maishani nasema kweli, na hakuna anayeniamini. Nikanyoosha kamba yangu mbele yake. Upana sawasawa, urefu ulizidi vidole viwili. Modeste akatazama mafundo, akatazama uso wangu mkavu, akaanza kuelewa.

"Na Jumapili nitaita watu na nini?"

"Na honi ya nyumba. Hata Mungu ataruka."

Akaifungua mwenyewe, akaibeba begani. Tulilala chini ya nyumba saa tatu nzima, kriki mbili za kuinulia gari, msumeno mmoja wa kukatia bulo za lamu zilizooza kwa kutu. Vile vidole viwili vilimezwa na kile chuma kidogo kinachobembea, kinachoshika jicho la nyuma la lamu. Kikaegemea kidogo, na nyumba ikasimama na kiuno kimebetuka, kama mama anayejua anatazamwa.

Tayari Mama Apolline alikuwa anakuja na gunia la maharagwe.

"Hapana, Mama! Maharagwe ndiyo yalituvunja."

"Moja tu."

"Hata kikombe."

Akaliacha mlangoni, akapanda. Tukaondoa mawe. Nyumba ikashuka, lamu ikajikunja, ikatoa ngii moja ndogo, ikashika.

Ikashika barabara yote! Mashimo ya Mugunga, mawe, yote. Muzee Sikuli alikaa kitandani na kofia yake, dirisha wazi, akipungia umati mkono kama askofu. "Mwiteni sasa Muzee Makala!" alipiga kelele. Watu wakashangilia, na mbuzi zao.

Jumapili tukiwa Sake, Modeste akaja kudai honi yake. Muzee akasema ataipiga mwenyewe. Kutoka kitandani mpaka usukani ni hatua nne. Akanitazama, akatazama mapazia, yalikuwa yamefungwa.

"Unibebe," akanong'ona. "Ila funga mdomo." "Mwezi muzima, Muzee," nikaapa.

Nikambeba mgongoni, hatua nne. Akapiga honi mpaka milima ya Sake ikajibu, na watu wakaja misa wakikimbia.

Nilifunga mdomo mwezi muzima, kama tulivyopatana. Mwezi umeisha jana.