Mlinzi wa Ngwe ya Gelasius

Kwa mama Eufrazia wa Usevya, mtoto akimaliza darasa la saba hupewa ngwe yake, kipande cha shamba la mpunga. Anailima, anaiamia kwa kufukuza ndege, na mavuno ya kwanza anawapikia watu anaowataka mwenyewe. Mwanawe Gelasius, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, aliwataka wengi. Alikuwa ameshaalika wenzake wote wa Kipaimara, pamoja na wachezaji wa akiba wa timu ya kijiji, akawatangazia kwamba watakula wali mpaka waombe msamaha.

Mpunga ukaanza kuiva, na ndege hawakusubiri mwaliko. Kazi ya kuamia huanza alfajiri, na Gelasius aliona kwamba kijana aliyeamshwa na kengele muhula mzima anastahili heshima kidogo. Akafunga miti miwili msalaba, akaivika shati lake la shule na kofia, akaisimika katikati ya ngwe. Kisha akajilaza kivulini, chini ya dungu, kichanja cha kulindia ndege.

Mlinzi yule alifanya kazi kwa nidhamu ya hali ya juu. Hakulalamika, hakuomba maji. Ndege wakamzoea, wakawa wanapumzikia mabegani mwake wakishashiba.

Siku moja mchana mama alikuja na ugali na dagaa, akavitua miguuni pa lile shati.

"Mama, niko huku," Gelasius aliita.

"Nimekuona, baba. Wewe pumzika. Nampa chakula aliyeshinda juani."

"Tena ana adabu kuliko wewe," dada yake Pelagia akaongeza. "Hajibu wakubwa."

Gelasius akaingia kwenye ngwe. Nusu ya masuke yalikuwa makapi matupu.

"Mama, si utaniongezea mpunga wako kidogo? Wageni ni wengi."

"Wangu upo. Ila wageni umewaalika wewe."

Mama hakukasirika, jambo lililokuwa baya zaidi.

Kesho yake Gelasius alimtangulia jogoo. Alipiga debe na kelele kila siku mpaka sauti ikamkauka, na nusu iliyobaki ikavunwa. Wageni hakuwapunguza.

Siku ya Kipaimara wageni walipanga mstari. Kila mmoja alipata ugali wa kutosha na kijiko kimoja cha wali, Gelasius mwenyewe akigawa kama mganga mkuu.

Audace, golikipa wa akiba, akaitazama sahani yake. "Huu ni wali au dawa?"

"Tafuna taratibu. Kuna watu nyuma yako."

Wa mwisho mstarini alikuwa mama, ameshika sahani tupu. Gelasius akachungulia sufuria, akakunja mikono ya shati, akakwangua ukoko wote, akampa.