Mume Wangu na Mstari wa Saba

Mwaka huu nimepika chai ya jumuiya mpaka sufuria imenichoka, na chanzo chake ni kikaratasi chembamba kama kidole. Ngoja nianze mwanzo kabisa, maana nikianzia katikati nitakuwa nimefanya kosa lilelile ninalotaka kulisimulia.

Usharika wetu hapa Ipogolo, Iringa, una desturi yake. Kwenye ibada ya kufungua mwaka, vijana hukata vikaratasi, kila kimoja kina mstari wa Biblia, wanavitia kwenye kikapu, nasi tunapita mbele mmoja mmoja kuchukua. Ulichokiokota ndilo neno lako la mwaka. Wengine hulibandika ukutani, wengine huliweka nyuma ya kava la simu. Mimi nilipata habari za mchungaji na majani mabichi, nikashukuru, nikarudi kukaa. Mume wangu Filemoni akapata: "Msihame-hame kutoka nyumba hii kwenda nyumba hii. Luka 10:7." Mpaka leo sijui ni kijana gani aliyeona huo ni mstari wa kumtakia mtu mwaka mwema.

Filemoni alifurahi kuliko wote. Huyu mwanaume alikuwa dereva wa malori tangu anioe, Tunduma kwenda, Tunduma kurudi, watoto wanamjua kwa honi. Alipostaafu alinunua kiti cha mianzi, akakiweka barazani, akasema sasa na yeye anataka kuiangalia barabara ikipita. Basi alipofungua kile kikaratasi aliniambia, "Mama Esta, unaona? Mungu mwenyewe amesema nitulie." Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Kwanza akaanza na jumuiya. Jumuiya yetu ni nyumba kumi na kitu, na kila Jumatano jioni tunasali kwa mtu tofauti, leo kwako, wiki ijayo kwa jirani, ili mzigo wa chai ugawanyike. Filemoni ni mzee wa kanisa, na akinyoosha shingo watu wanamsikiliza. Akasema neno limemkataza kutembea nyumba hadi nyumba, kwa hiyo anayetaka kusali naye amfuate. Watu wetu ni wapole, wakamfuata. Ikawa kila Jumatano ni kwangu: chai, mihogo, vikombe vya kuazima, na wajukuu wa watu wakining'inia kwenye mapazia yangu. Nilinung'unika, lakini nilipika.

Halafu Esta akapata mchumba.

Esta ndiye binti yetu wa pekee, ni nesi huko Mbeya. Mchumba wake anaitwa Ezron, kijana wa Kinyakyusa, mtulivu, familia yake inakaa Soweto palepale Mbeya. Mahari ilikwisha vizuri maana washenga wao ndio waliokuja kwetu. Sendoff ya kumuaga binti tukaifanya Iringa, Filemoni akavaa suti, akacheza mpaka kiatu kikaachama. Ilipofika zamu ya sisi kwenda harusini Mbeya, akasema haendi.

"Neno langu la mwaka linajulikana," alisema, amekaa kwenye kiti chake. "Mdogo wangu Saulo yuko hukohuko Mbeya. Ni baba mdogo, atasimama badala yangu. Mila inaruhusu."

Na kweli mila inaruhusu, hapo ndipo aliponishika. Lakini Esta alipopigiwa simu aliniambia, "Mama, mimi naenda kuwa mgeni kwenye ukoo wa watu. Nataka siku ile waone kwamba nina baba, siyo kwamba nimeokotwa njiani. Baba mdogo simkatai, ila mimi sikulelewa na baba mdogo." Nikasikia anapenga kamasi. Moyo wangu uliuma, na mimi moyo ukiuma ulimi haukai.

Nikaingia vitani. Nami nikachukua Biblia, nikatafuta silaha. Nikakuta mahali Yesu anawaambia wanafunzi wake, ondokeni, twendeni zetu. Nikaweka kidole hapo, nikampelekea barazani.

"Soma, Baba Esta. Bwana anasema ondokeni."

Akasoma. Akanirudishia. "Hicho siyo kikaratasi changu."

Kesho yake nikamletea Ibrahimu, aliyeambiwa atoke katika nchi yake. Akaniletea Mithali, ndege anayepotea mbali na kiota chake. Nikamletea Yona. Akaniletea Musa, ambaye hakuvuka Yordani na bado alikuwa rafiki wa Mungu. Tulirushiana mistari wiki nzima kama watoto wanaorushiana magunzi, na hakuna aliyesogea hata hatua. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, lakini humo ndani wakaidi walikuwa wawili.

Ijumaa nikapanda mjini kununua vitenge vya sare. Duka ni la Matano, Mwislamu, babu yake alikuja Iringa kutoka Pwani na biashara ya nguo na wao hawakuondoka tena. Tumezoeana. Alipoona ninapima kitenge kwa hasira akaniuliza kulikoni, nikamwagia yote, mstari wake na mistari yangu.

Matano akakunja kitambaa polepole. "Mama Esta, Biblia mimi siijui, nisije nikakudanganya. Ila sisi tulipokuwa watoto chuo cha Kurani, maalimu akisoma aya tulifundishwa kuuliza, hii ilishuka lini, na kwa sababu gani. Haya, hayo maneno ya mzee aliambiwa nani?"

Mimi nimelelewa kwenye benchi la kanisa, nimeimba kwaya mpaka sauti imeota mvi, na sikuwa na jibu. Niliona aibu, nakuambia kweli. Nikalipa vitenge vyangu nikateremka zangu Ipogolo.

Siku iliyofuata nilikwenda na Biblia kwenye kibanda changu cha vitunguu pale barabarani. Kati ya mteja na mteja nikasoma Luka sura ya kumi, nikaanzia juu, siyo mstari wa saba. Nikasoma polepole. Nikarudia. Kisha nikaanza kucheka peke yangu, mpaka dereva mmoja wa lori akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sikumwambia Filemoni kitu. Ningemwambia mimi angesema nimetumwa na Esta. Nikangoja Jumatano.

Sisi kwenye jumuiya tunasoma kwa zamu, kila mtu mstari mmoja, tunazunguka. Siku hiyo wenye Biblia tulikuwa watano, na viti nilivipanga mwenyewe. Mwalimu Sedekia, mwalimu mstaafu anayeongoza jumuiya yetu, nikamweka wa kwanza. Wa pili Veneranda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Wa tatu mume wangu. Nikaomba, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba wa kudumu, tusome Luka sura ya kumi kutoka mstari wa kwanza. Filemoni akajiweka sawa. Alijua mstari wake unakuja.

Sedekia akasoma jinsi Bwana alivyowachagua watu sabini na kuwatuma wawili wawili kila mji. Veneranda akasoma habari ya mavuno mengi na watenda kazi wachache. Ikaja zamu ya Filemoni. Ana sauti nzito, ya kuita utingo upande wa pili wa lori. Akasoma, "Enendeni."

Akasita. Akarudisha macho kwenye mstari, akasoma tena, taratibu zaidi. "Enendeni. Angalieni, nawatuma."

Tukaendelea kuzunguka: msichukue mfuko, mkiingia nyumba yoyote semeni amani iwemo. Na hapo ndipo ukaja ule mstari wake, ukamwangukia Veneranda kwa zamu yake ya pili, naye akausoma akimtazama Filemoni kwa pembe ya jicho.

"Sasa Mwalimu," nikauliza, kwa upole niliouazima, "kwa nini waliambiwa wasihame-hame?"

Sedekia akavua miwani. "Kwa sababu walikuwa wageni, Mama Esta. Unafika mji wa watu, maskini mmoja anakufungulia mlango, anakupa mboga za majani. Kesho unasikia jirani amechinja kuku. Unahama, unamwacha yule wa kwanza na aibu yake. Ndilo Bwana analokataza. Hawa watu walishatoka makwao. Mtu aliyekaa kwake haambiwi hivyo."

"Kwa hiyo ni mstari wa safari," alisema Veneranda.

"Ni mstari wa safari," alisema Sedekia, kisha akaomba chai.

Watu walipoondoka nilitegemea ugomvi. Badala yake Filemoni alikusanya vikombe, jambo ambalo hajalifanya tangu nimfahamu, akaviweka kwenye beseni, akaanza kuviosha vibaya. Nikamwacha.

"Mama Esta," akasema bila kugeuka, "nilichoka. Miaka yote nimekula kwenye vibanda vya watu na kulala kwenye usukani. Nilipookota kile kikaratasi niliona Mungu amenihurumia. Sikutaka kusoma juu yake wala chini yake, nisije nikakuta ananiambia kitu kingine."

Ilinichoma. Nilimpenda sana saa ile, na hasira yote ikanitoka. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe.

"Na wewe," akaendelea, "ile yako ya ondokeni twendeni zetu. Uliisoma kuanzia juu?"

Sikuwa nimeisoma. Tukafungua palepale mezani, mikono imelowa. Kumbe Yesu anayasema hayo baada ya kula chakula cha mwisho, muda mfupi kabla hajakamatwa. Nilikuwa nampeleka mume wangu harusini kwa maneno ya kwenda kukamatwa. Filemoni alicheka mpaka akashika ukuta. Nyani haoni kundule, basi na mimi nililiona la kwangu.

Tukaenda Mbeya. Wakwe walitupangia kwa jirani yao hapo Soweto, mama mmoja mjane mwenye vyumba viwili na baridi ya kutosha mtaa mzima. Alitupokea na ndizi za nyama, akatuambia "ndaga", salamu na shukrani ya kwao, kila tukimpa mkono. Filemoni, Mhehe wa ugali, ndizi hazimpandi. Saulo akaja jioni na gari lake, akamwambia kaka, twende kwangu, kuna vitanda na maji ya moto, na shemeji yako amepika ugali. Nilimwona mume wangu akimeza mate.

"Nashukuru, mdogo wangu," akasema. "Nimeshafikia hapa."

Akala ndizi. Akaomba aongezewe, na yule mjane akafurahi hadi akamletea na maziwa ya mgando.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Kanisani mambo yakaenda vizuri, jioni tukaingia ukumbini. Kwa upande wa bwana harusi, neno la nasaha alipewa mjomba wake, Masumbuko, mtu mkubwa wa kimo na wa maneno. Akafungua Biblia yake, akasoma kwamba wake wawatii waume zao kama kumtii Bwana. Akaifunga. Akasema, "Esta mwanangu, umesikia mwenyewe. Kwetu huku hilo ndilo la kwanza na ndilo la mwisho." Ukumbi ukasema amina. Wanaume wengine wakapiga meza. Esta aliangalia chini kwenye maua yake, na mimi nikauona mkono wake ukiyabana.

MC akamwita baba wa bibi harusi atambulishe ndugu zake. Filemoni akachukua kipaza sauti. Akatutambulisha, haraka haraka. Kisha akasema, "Naomba Biblia ya mkwe wangu."

Nikajua. Nikashika kitenge changu kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu Masumbuko amesoma vizuri," alisema Filemoni. "Ila ameanzia katikati, na ameishia katikati. Simlaumu, mimi mwenyewe mwaka huu nimeishi miezi minane katikati ya mstari. Naomba turudi nyuma mstari mmoja tu."

Akasoma. Mstari wa juu yake unawaambia waumini wote watiiane, mmoja kwa mwenzake, mume humo na mke humo. Kisha akaruka chini, akamgeukia Ezron.

"Baba, kipande cha mke wako ni mistari mitatu, na amekisikia. Chako ni kirefu zaidi. Simama nikusomee."

Ezron akasimama. Filemoni akamsomea yote bila kuruka, mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda kanisa hata akajitoa kwa ajili yake, amlishe, amtunze kama mwili wake mwenyewe. Wapishi walisimama na masufuria mlangoni wakisikiliza. Alipomaliza alimrudishia Masumbuko Biblia yake kwa mikono miwili, kama inavyompasa mkwe.

Masumbuko akaipokea. Akaifungua, akatafuta ule mstari wa juu kwa kidole, akausoma kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akatikisa kichwa. "Nimeusoma huu ukurasa tangu nioe," akasema kwenye kipaza sauti, "na mke wangu yuko pale anacheka." Ukumbi mzima ukageuka kumwangalia mkewe, na kweli alikuwa anacheka, tena kwa machozi.

Esta hakungoja MC. Alishuka jukwaani na gauni lake refu, akalishika kwa mkono mmoja, akapita kati ya meza mpaka alipokuwa amesimama baba yake, akapiga magoti mbele ya ukoo wote wa mumewe. Filemoni akamwinua. Esta akawageukia wakwe zake akiwa bado ameshika mkono wake.

"Huyu ndiye baba yangu," akasema.