Robo Mzunguko

Fundi bomba huyu mtaa mzima ulimwita Mara Moja, kwa sababu alichokitengeneza hakikumhitaji tena. Wenzake, wale wa "niko njiani" huku bado wamejifunika shuka, walizibua sinki lilelile mara nne, na kila mara wakakaribishwa chai. Yeye akishazibua, amezibua. Watu walimsifu, wakafunga mlango, wakamsahau. Kizuri chajiuza, sawa, lakini sijasikia kikialikwa kurudi kuongea.

Mke wake alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Binti yao aliolewa mbali, na alipiga simu siku akikumbuka. Tusifichane: Mara Moja alikuwa mpweke, mpweke wa kuisalimu redio.

Siku moja aliitwa na mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake. Hita ya maji ya bafuni ilikuwa imegoma. Akaifungua, akatoa koili ya kuchemshia iliyovaa chokaa nene, akaweka mpya. Kazi ya saa moja ikala tatu, kwa sababu mwalimu aliburuta kiti hadi mlangoni pa bafu, akaketi, akaanza maswali. Maji ya moto hukaa juu au chini? Kwa nini? Nani alikufundisha? Marehemu mkeo alipenda nini?

Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza hilo.

"Kuimba," akajibu. "Na sauti hakuwa nayo, Mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mara Moja naye akacheka, akajishangaa.

Ikabaki nati moja, ile ya bomba linaloingia chini ya hita. Aliikaza polepole, na ilipobaki robo mzunguko, mkono wake ukasimama. Asisingiziwe shetani, alijua vizuri anachofanya. Robo ile ingeachia tone, tone lingemfanya mwalimu apige simu, na yeye angekuja. Akalipangusa bomba kwa kitambaa, akaaga.

Wiki ya kwanza alitembea na simu mkononi hata chooni. Ya pili alimwomba muuza duka ampigie, ahakikishe kama inaita. Iliita. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini cha mwalimu kilikuwa kimya tu. Wiki ya tatu uzalendo ukamshinda, akaenda kubisha hodi na uongo wake mdomoni.

"Samahani, Mwalimu. Nadhani nilisahau bisibisi yangu hapa."

"Karibu, baba. Bisibisi sijaiona. Lakini kwa kuwa umekuja mwenyewe, njoo uone."

Alitangulia akichechemea, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji. Bafuni, chini ya hita, palikuwa na beseni lililojaa nusu.

"Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie, majirani wakuone unarudia kazi? Jina lenyewe hilo ndilo linalokulisha. Nikasema hili ni tone tu, lisije likamchafulia mwenzangu sifa. Namwaga asubuhi na jioni, basi. Juzi ndipo nikateleza na beseni."

Mara Moja alipiga magoti upesi, ili asimtazame usoni. Roho ilimsuta. Maneno yalimfika kooni: niliiacha makusudi, nilitaka tu kuongea na wewe. Lakini kuyasema kulikuwa ni kupoteza jina, pamoja na mtu pekee aliyejiumiza kulilinda. Akaishika nati kwa spana, akaimalizia ile robo. Tone likakata.

"Imekaza?"

"Imekaza, Mwalimu."

"Haitavuja tena?"

Hapo ndipo angeweza kusema, nitapita wiki ijayo niitazame. Wangapi huyasema hayo kila siku bila haya? Alikitazama kile kifundo kilichovimba, akaona hana haki hata ya uongo mdogo kama huo.

"Haitavuja."

"Afadhali." Mwalimu alimgusa bega, akamsindikiza hadi mlangoni hatua kwa hatua, akikataa kumwegemea. "Najua una kazi nyingi, na watu wengi wa kuwaona. Basi sitakusumbua tena, baba."

Alimtakia heri kwa moyo mmoja, akafunga mlango.