Uwanja Mweupe

Zaibun alifungua mkanda kiunoni, akakifukia kidude kilichofungwa humo kwenye debe la unga, akajitanda shali.

"Umekilaza?" jirani yake Munawar alinong'ona mlangoni.

"Kimelala. Chako?"

"Nimempa kuku akiatamie."

Wakatoka wakicheka kimyakimya. Alfajiri ilikuwa saa ya wanawake pale uwanjani, nyuma ya matanuri ya kioo ya Hyderabad, kabla wanaume hawajaamka. Walizunguka, Zaibun akivuta mguu wa kushoto ulioanza kufa ganzi. Daktari wa sukari alimwambia waziwazi: atembee, ama mguu ukatwe. Mchana kutwa alikaa chini akiunga ncha za bangili kwenye mwali wa taa. Hakuwa na pengine pa kutembea.

Vidude walikuwa wamegawiwa na Samrin, binti wa chuo kikuu. "Mvivae kila mwendako, shangazi zangu. Setilaiti itaonyesha mnapotembea. Wakuu wa mji wanataka kujenga maduka pale uwanjani. Wakiona mnautumia, huenda wakauacha."

"Na nani atatazama?" aliuliza mama mkwe wa Zaibun.

"Profesa na wenzake ofisini."

"Wanaume?"

Samrin aliitikia. Alipoondoka, bibi kizee alisema, "Humu ndani kivae. Lakini wanaume wa watu wasijue mke wa mwanangu anapita wapi gizani." Kila nyumba ya mtaa ule ilisema vivyo hivyo.

Baridi ilipoanza, Samrin alirudi, akatandaza ramani sakafuni. Nyumba zilijaa vitone vyekundu. Uwanja ulikuwa mweupe.

"Kumbe hamwendi," alisema taratibu.

Munawar aliinamia bangili zake. Zaibun alimtazama mkwewe, kisha akasema, "Tunakwenda kila siku, binti yangu. Tuliviacha nyumbani."

"Kwa nini, shangazi?"

Mama mkwe alivuta shali usoni. Samrin aliikunja ramani vibaya, akaikunjua, akaikunja tena. "Ripoti wakuu wa mji wameshaipokea. Nitajaribu kuwaeleza." Nje, lori lilikuwa likimwaga matofali.

Ukuta wa pale uwanjani ulipofika kimo cha mtu, Zaibun alianza kutembea chumbani. Alipita kati ya taa na mafungu ya bangili, akazunguka kitanda cha kamba, akiburura mguu. Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alipomwona anakaribia tena, aliinua miguu yake, akaikunja chini ya shali, ili apite.